Timu Yangu Ilivyotekwa na Mtani

Mwaka 1966, nikiwa na miaka minane, toroli la mkonge lilimwangukia baba yangu, na shida ikaanza hapo. Kabla ya siku ile tulikuwa maskini tu. Umaskini na shida ni vitu viwili, na anayesema ni kimoja hajaishi na chochote kati ya hivyo. Niliacha shule darasa la pili. Herufi nilikuwa nimeshazijua zote, kujumlisha pia. Kugawanya nilikuja kujifunza nyumbani, samaki akiwa mmoja na sisi tukiwa wengi.

Ya katikati sitayaeleza yote. Nilikata mkonge kule Tanga, nikapakia malori, nikayafuata malori Malawi, Zambia, Zimbabwe, na lori la mwisho likanishusha Johannesburg. Njiani nilikuwa nimejifunza kushona maturubai, kwa sababu turubai likichanika dereva hasubiri fundi wa mjini. Nikaanza na sindano ya mkono kwenye ngazi za jengo moja Hillbrow. Baadaye nikapata mashine. Baadaye karakana Troyeville, maturubai mbele, viti vya magari nyuma. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaosema walinishika.

Besiboli iliingia kwangu kwa njia ya glavu. Mzee mmoja Mreno, jirani wa karakana, aliniletea glavu za ngozi zilizofumuka, kubwa kama sahani za pilau. Nilidhani ni za watu wa tanuru. Nikazishona, akaleta nyingine, ikawa kila mwezi analeta. Mwaka 2015 akaamua kurudi kisiwani kwao akazeekee huko, akaja na gunia la magongo, sanduku la mipira na ufunguo wa stoo ya uwanja wa Bezuidenhout Valley. Akaniachia vyote kama mtu anayesafiri anavyomwachia jirani kuku.

"Utawaangalia," akaniambia.

Nikasema sawa. Nilidhani ni vifaa. Jumapili wakaja watu, wamevaa jezi, wakaniuliza mazoezi yanaanza saa ngapi. Ndivyo nilivyokuwa mwenyekiti.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu mmoja anarusha mpira mgumu kwa nguvu zake zote. Wa timu nyingine amesimama na gongo, anajaribu kuupiga, na akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne. Nyuma ya huyo wa gongo kuna mdakaji, mwenzake mrushaji, amechuchumaa, amevaa kinyago cha waya na godoro dogo kifuani, na kazi yake ni kuudaka mpira ambao mwenye gongo ameukosa. Waliobaki wamesambaa uwanjani wanangoja. Wakati mwingine wanangoja sana. Ni mchezo wa watu wanaojua kungoja, ndiyo maana mimi niliuelewa upesi kuliko mpira wa miguu.

Mrushaji wangu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, msusi wa nywele, vidole virefu, mkono kama fimbo ya bakora. Mdakaji alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mpare, mtu wa miaka hamsini na ushee. Siku sita za juma shemeji alilinda magari nje ya baa mtaani kwetu, na kizibao chake cha njano, akiwapungia watu mkono waingie na watoke. Watu hao humpita bila kumtazama usoni. Lakini Jumapili alivaa kinyago, akachuchumaa, akaonyesha vidole viwili au vitatu, na mrushaji akarusha kama alivyoagizwa. Mdakaji ndiye anayeamuru. Shemeji alikuwa anaamuru vizuri sana. Ila mpira ukifika hakuwa anaudaka.

Baridi ya mwaka 2017, ligi ikiwa imefungwa na majani ya uwanja yamekauka yamekuwa rangi ya simba, mrushaji alikuja karakana. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Papa, miye sitatupa tena kwa ule mutu," akasema. "Natupa mupira, ye anauangalia tu, sawa vile anaangalia motokari inapita."

"Ndiyo kazi yake, kuangalia magari."

"Papa, siseme mchezo. Tafuta mutu mwingine, ao miye nitaenda."

Sasa tazama. Ligi ilikuwa na sheria kwamba wachezaji huhama wakati wa baridi tu, timu kwa timu, wenyeviti wawili wakikubaliana. Mdakaji wa kweli nilimjua mmoja: alikuwa kwa mtani wangu, Hillbrow.

Hapa nieleze utani, maana watoto wetu waliozaliwa huku hawaujui, na Wakongo wanao wa kwao. Mimi ni Mzigua. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako. Anaweza kuchukua kitu chako huku unamwona, nawe ukikasirika unatozwa kuku. Hicho alichokichukua tunasema kimetekwa: utakikomboa kwa bei atakayotaja, au utakwenda nawe kuteka chake. Na akiteka mtu, ni lazima amlishe vizuri kuliko alivyokuwa analishwa kwake, la sivyo aibu inamrudia. Msibani ndiyo hasa mahali pake. Wafiwa wanalia, mtani anacheka, na wafiwa wanashukuru.

Mtani wangu ni mzee wa Tabora, muuza mablanketi. Aliposikia kwamba mimi, Mzigua, nimekuwa mwenyekiti wa kitu, alikosa raha. Hakujua besiboli ni nini. Aliuliza tu wanahitajika watu wangapi, akakusanya walinzi wa milango ya majengo ya Hillbrow, akaenda kuwaandikisha. Walicheza na mabuti ya kazini. Mmoja aliyewekwa kwenye kituo cha pili alikuwa anamsimamisha kila mkimbiaji na kumuuliza anakwenda kwa nani. Lakini mdakaji wao alikuwa mlinzi aliyezoea kutazama mlango bila kupepesa, na hakuna kilichompita.

Basi msiba ukatokea Troyeville, wa mzee mwenzetu wa Tanga. Nilikwenda na mrushaji na shemeji wanisaidie kubeba viti. Mchana mtani akaingia. Akavua viatu, akakaa katikati ya mkeka, akasema marehemu hakuugua, amekufa makusudi ili asionane naye. Wajane wakacheka katikati ya machozi. Kisha akanitazama.

"Mtumwa wangu, umeleta nini?"

"Nimeleta viti, ukae wewe mbeba mizigo upumzike."

Akainuka, akamshika mrushaji mkono. "Huyu nimemteka."

Shemeji alikuwa amekaa ubavuni kwa mrushaji, bega kwa bega. Mtani alimtazama, akamruka kwa macho kama mtu anayeruka dimbwi, akaondoka na Mkongo. Niliona uso wa shemeji. Alishika kiti kilichobaki wazi akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Mimi sikukasirika, kuku wangu nawapenda. Nilisubiri siku mbili tatu nikaenda Hillbrow. Mdakaji wa mtani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jengo lake. Nikamshika mkono, nikamwambia umetekwa.

"Na zamu yangu, mzee?"

"Ikiisha, njoo nyumbani kwangu, Bertrams. Kuna pilau."

Akaja. Mke wangu alipika kama tunaozesha mtu. Mlinzi alikula mpaka akafungua mkanda, na siku ya pili habari ikawa imeenea Hillbrow nzima kwamba anayetekwa na Mzigua analishwa nyama. Mtani naye hakukubali kushindwa. Akasema mateka wake kila mmoja atapewa blanketi jipya, na ile ilikuwa baridi ya kupasua midomo. Hapo ndipo mambo yaliponyooka vibaya. Akateka mtu wangu wa kituo cha kwanza, fundi cherehani wa Kikongo, sokoni, mbele ya wateja wake. Nikateka walinzi wawili kwa mkupuo kwenye robot, wakingoja taa ibadilike. Akateka wangu watatu kanisani, yeye Mwislamu, alisimama nje mpaka wakatoka. Wachezaji wenyewe wakaanza kujipitisha. Nilimkuta mlinzi mmoja amekaa nje ya karakana yangu, nikamuuliza anataka nini, akasema anasubiri kutekwa, ila kama niko bize atarudi kesho.

Kabla baridi haijaisha, wachezaji wangu wote walikuwa kwa mtani, na wake wote walikuwa kwangu. Katibu wa ligi, mama mmoja wa ofisi za Braamfontein, alinipigia simu.

"Mzee, nataka nielewe. Mmebadilishana wachezaji?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Wote."

Nikasikia kalamu inaandika. "Si mngebadilishana wenyeviti tu?"

Nilimwambia hiyo ingekuwa ni kinyume cha desturi. Hakuuliza tena.

Nimesema wachezaji wangu wote. Si kweli. Alibaki mmoja.

Shemeji aliishi kwetu, chumba cha nyuma. Kila mateka alipoletwa, yeye ndiye aliyeshika birika na beseni akamnawisha mikono, kisha akarudi jikoni. Alikuwa ananawisha watu waliotakiwa. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, kama mtu asiyejali, leo mtani kamchukua nani. Baadaye akawa haulizi, ila Jumamosi alivaa jezi akaenda kupita Hillbrow, mbele ya duka la mablanketi, akageuka akapita tena. Mtani alimwambia habari za asubuhi. Basi.

Mke wangu alinikabili nikiwa kwenye mashine.

"Mnyamwezi wako ameteka sufuria yangu kubwa."

"Nitakwenda kuteka blanketi lake."

"Sikiliza. Ameteka sufuria. Ameteka Mkongo anayesuka nywele. Ameteka yule kipofu wa jicho moja anayekaa pembeni akila machungwa. Kaka yangu hamtaki. Ina maana kaka yangu ni chini ya sufuria?"

Mimi ni mtu wa kusema ukweli, sikulelewa kubembeleza. Nikamwita shemeji, nikamwambia: "Shemeji, magoti yako yameisha. Mdakaji msimu huu ni yule mlinzi. Wewe utakaa benchi."

Akafikiri kidogo. "Magoti yangu yaliisha zamani. Nilipokuja kwako kutoka Same yalikuwa yameisha, na kinyago ulinipa."

"Nilikupa kwa kuwa hakukuwa na mwingine."

"Sawa. Sasa yupo mwingine. Lakini shemeji, mtu akiisha si anatolewa? Mbona mimi hata kutolewa sitolewi? Wenzangu wote wamechukuliwa, nimebaki kama kiatu cha mguu mmoja."

 Nikapanda bakkie, gari langu dogo la mizigo, nikaenda Hillbrow. Mtani alikuwa amekaa juu ya rundo la mablanketi kama sultani aliyepinduliwa.

"Mtani, mchukue na shemeji yangu."

"Wa nini?"

"Wa kudaka."

"Huyo hadaki, anasindikiza."

"Mchukue hivyo hivyo. Nyumbani kwangu hakukaliki."

Akatikisa kichwa, na sasa hakuwa anatania. "Kinachotolewa hakitekwi. Ukinipa mwenyewe, huo si utani, ni mzigo. Na hata yeye atajua kwamba ulikuja kuniomba. Unataka ajue hivyo?"

Nilirudi mikono mitupu. Alikuwa amesema sawa, nami siku hiyo nilimchukia kwa kusema sawa, ingawa kumchukia ilikuwa ni kuku.

Jumapili ya mwisho kabla ligi haijafunga uhamisho, timu zote mbili zilikuwa uwanjani Bezuidenhout Valley, yangu iliyokuwa yake na yake iliyokuwa yangu. Mke wangu alileta chakula. Shemeji alikuja amevaa kinyago na godoro la kifua, ingawa nilishamwambia habari ya benchi. Alisema amekuja kumpasha moto yule mlinzi. Alikaa kwenye benchi na kinyago usoni.

Mtani alikuwa na mrushaji wangu lakini hakuwa na kinyago cha mdakaji. Kile cha kwake nilikiteka mimi pamoja na mwenye kichwa. Akazunguka uwanja akitafuta cha kuteka. Akafika kwenye benchi, hakumtazama shemeji, alitazama waya tu. Akashika kinyago kwa mikono miwili akavuta.

"Kinyago nimekiteka. Mtu bakini naye."

Shemeji akakishika naye.

Mtani akavuta. Shemeji hakuachia. Kamba za kinyago mimi ndiye niliyezishona, kwa uzi wa turubai, kwa hiyo kukatika hazikuweza. Mtani akavuta kwa uzito wa mwili, na ana mwili. Shemeji akatoka kwenye benchi kwa tumbo, akaburutwa kwenye majani makavu, kichwa ndani ya kinyago, vumbi jekundu likifuka. Walinzi wakasimama wima kwa mazoea. Mtu mmoja akasema watenganisheni, na mke wangu akasema atakayegusa mtu hapa hatakula. Wakafika hivyo mpaka kituo cha pili, wazee wawili, mmoja anarudi kinyumenyume na mwingine anamfuata kwa kidevu. Mrushaji alikuwa ameweka mkono kichwani. Miaka yote hakuwahi kumwona shemeji ameshika kitu kisitoke.

Mwisho mtani akaketi chini mwenyewe, pumzi zimekwisha. Mikono yote minne ilikuwa bado kwenye waya.

"Haya," akasema. "Huyu nimemteka."

Shemeji akainua uso. "Umesemaje?"

"Nimekuteka. Wewe na kinyago chako."

"Sema kwa sauti. Walioko mbali hawakusikia."

Mtani akajaza kifua, akatangaza uwanja mzima kwamba amemteka mdakaji wa Mzigua. Shemeji akasimama polepole, goti moja, kisha la pili, yakilia kama mlango wa stoo. Akajipangusa majani.

"Sitaki," akasema.

"Mateka hakatai."

"Mimi Mpare. Mtani wangu ni Mchaga. Wewe kwangu ni muuza mablanketi. Kateke Wazigua."

Alikuwa sahihi, na kila Mtanzania pale alijua yuko sahihi. Mtani akanitazama, mimi nikatazama mbingu. Angeondoka tu mambo yangekwisha, lakini kitu kikikataliwa hupanda thamani machoni pa Mnyamwezi.

"Nitakupa blanketi," akasema.

"Ninalo."

"Zito. La watu wawili."

"Nalala peke yangu."

"Utadaka wewe. Mechi zote."

Shemeji akavua kinyago, akakishika kwapani. "Nani atarusha?"

"Si ni huyu Mkongo wenu?"

"Huyo aliye kule? Huyo alisema mimi naangalia motokari." Kumbe alijua siku zote. "Aje aniombe yeye."

Mrushaji akatembea kutoka mbali, mikono mfukoni, kichwa chini. Alikuja mpaka karibu kabisa.

"Yaya," akasema, yaani kaka kwa lugha ya kwao, "kuja tu. Tutaelewana."

"Mipira mingine itapita."

"Ipite, Yaya. Na kwa nani haipite?"

 Nilimwona shemeji akitazama mtani, mrushaji, walinzi, sufuria ya pilau, mimi. Hakuna aliyekuwa na haraka, tena sote tulikuwa tunamtazama yeye usoni.

"Nitafikiria," akasema.

Mke wangu akasema kutoka kwenye chakula, "Fikiria vizuri, kaka. Usiwape jibu la mbiombio."

Hakujibu siku hiyo, na uhamisho ukafungwa. Nilimuuliza nyumbani, "Si ulitaka kwenda?" Akaniambia, "Nilitaka nitakiwe. Kwenda sikusema." Akaenda kulala.

Kwa hiyo msimu ule nilianza na timu ya walinzi wa Hillbrow, na mtani akaanza na Wakongo wangu, na hakuna aliyerudisha mtu mpaka leo. Mwisho wa mwezi mdakaji wangu huwa na zamu, na shemeji anashika nafasi. Mipira inapita kama kawaida, naifuata mimi. Kila baridi mtani anakuja nyumbani na blanketi begani kuuliza kama jibu limepatikana. Shemeji anamkaribisha, anamnawisha mikono, anamwambia bado analipima. Huko kwenye baa, mtu akiacha gari lake, shemeji humweleza kwanza kwamba Hillbrow wanamtaka. Wengine siku hizi husimama wakamsikiliza.

Leo, mwaka 2019, nina vitu hivi. Karakana moja Troyeville, jengo ni langu, sipangi. Mashine nne za turubai, moja mbovu. Bakkie moja nyeupe. Nyumba moja Bertrams na chumba chake cha nyuma. Shamba Handeni, ekari kumi, michungwa na mahali pa kuzikwa. Mke mmoja. Kuku wa kienyeji ambao hakuna aliyewahi kunitoza. Timu moja ya besiboli, isiyotimia mwisho wa mwezi. Na mdakaji wa akiba, ambaye jibu lake linasubiriwa Hillbrow.